Somo: Filamu ya "Lucy", Nguvu za Akili na Pakiti Tumboni



Katika somo hili tunataka kujifunza namna ya kuipima filamu ambayo watu wameipokea kwa maoni yanayopingana. Tumechagua filamu ya "Lucy", iliyotoka mwaka 2014. Si mpya, lakini bado inazunguka kwenye flashi, kwenye simu na katika mabanda umiza ya miji midogo, Dumila ikiwemo. Tumeichagua kwa sababu vijana wa hapa wanaizungumzia mno, na kwa sababu mazungumzo yao yanaligusa jambo ambalo mhudumu yeyote wa vijana atakutana nalo, yaani hamu ya nguvu zisizo za kawaida.

Lengo letu si kumwambia mtu aitazame au asiitazame. Tunataka msomaji, baada ya somo hili, aweze kukaa na vijana wa jumuiya yake na kuwauliza maswali mawili: kipi katika hadithi hii kimebuniwa, na kipi ni cha kweli?

Filamu yenyewe kwa kifupi

"Lucy" iliandikwa na kuongozwa na Luc Besson wa Ufaransa. Mhusika mkuu anaigizwa na Scarlett Johansson, na Morgan Freeman anaigiza profesa anayehutubia jijini Paris kuhusu ubongo wa mwanadamu. Ni filamu ya kubuni ya kisayansi iliyochanganywa na msisimko wa kukimbizana na bunduki, na inachukua takriban saa moja na nusu.

Lucy ni binti Mmarekani anayeishi Taipei kwa masomo. Rafiki wa kiume, waliyefahamiana siku chache tu, anamlazimisha kupeleka mkoba kwenye hoteli moja. Humo anaangukia mikononi mwa genge la wauza dawa za kulevya. Anapozinduka anakuta amepasuliwa tumbo na kushonwa, na ndani yake wameficha pakiti ya unga. Anatakiwa kuusafirisha hadi Ulaya. Kabla ya safari anapigwa teke la tumbo, pakiti inavuja, na unga unaingia mwilini.

Hapo ndipo mambo ya ajabu yanapoanza. Lucy anajifunza lugha kwa muda mfupi, anasoma mawazo ya watu, anasogeza vitu na kuwaangusha maadui bila kuwagusa, anaziona hata ishara za simu zikipita hewani. Filamu inaeleza kwamba binadamu wa kawaida hutumia asilimia 10 tu ya ubongo wake, na kwamba Lucy anaelekea asilimia 100. Mwisho wa hadithi mwili wake unatoweka na yeye anageuka kuwa maarifa yasiyo na mwili.

Jinsi ilivyopokelewa

Kibiashara, filamu ilifanikiwa sana. Ilitengenezwa kwa takriban dola milioni 40 na kuingiza zaidi ya dola milioni 450 duniani. Hata hivyo watazamaji hawakukubaliana. Nchini Marekani kuna kipimo kiitwacho CinemaScore, ambapo watu huulizwa maoni yao wanapotoka ukumbini. "Lucy" ilipata C+, alama ya chini kwa filamu iliyovuta watu wengi kiasi hicho. Wahakiki nao waligawanyika. Wengine walisifu kasi yake, picha zake na uigizaji wa Johansson. Wengine walisema msingi wake wa kisayansi ni wa uongo na mwisho wake haueleweki.

Tulipozungumza na vijana wa Dumila walioitazama, tulikuta mgawanyiko kama huo, ila kwa sura ya kwetu. Hapa kwetu filamu nyingi za nje hutazamwa zikiwa na sauti ya msimulizi wa Kiswahili juu ya sauti ya asili. Kazi hiyo ina historia ndefu nchini. Mmoja wa waanzilishi wake wanaokumbukwa ni Derek Mukandala wa Dar es Salaam, maarufu kwa jina la Lufufu. Msimulizi hatafsiri maneno tu. Anachagua jina la kila kitu, na jina hilo ndilo linalobaki kichwani mwa mtazamaji. Kinachoitwa "uwezo wa ubongo" kwa Kiingereza kinaweza kuitwa "jini" au "uchawi wa kizungu" kwa Kiswahili cha bandani. Watu wawili wanaweza kutazama picha zile zile wakaondoka na hadithi mbili tofauti.

Katika mazungumzo hayo yalijitokeza makundi matatu. Tuyapitie moja baada ya jingine.

Kundi la kwanza: "Kumbe tunatumia asilimia kumi tu"

Kundi hili liliamini. Wengi walikuwa wanafunzi wa sekondari, na swali lao lilikuwa kama kipo kidonge au mazoezi ya kuifungua asilimia 90 iliyobaki, hasa kabla ya mtihani wa kidato cha nne.

Tuwajibu kwa upole na kwa ukweli. Dai la asilimia 10 si sahihi. Ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unakula karibu asilimia 20 ya nishati yake. Mwili usingelisha kwa gharama hiyo kiungo ambacho sehemu kubwa yake imelala. Vipimo vya picha za ubongo vinaonyesha kwamba sehemu zake zote zina kazi, hata tukiwa usingizini. Na kila aliyemuuguza mgonjwa wa kiharusi anajua kwamba sehemu ndogo tu ya ubongo ikidhurika, mtu anaweza kupoteza usemi au mkono mmoja. Kama asilimia 90 ingekuwa akiba tu, tusingeona hasara hiyo.

Dai lenyewe lina umri mrefu. Mara nyingi hutajwa jina la mwanasaikolojia wa Marekani William James, aliyefundisha kwamba watu wengi hawautumii uwezo wao wote. Hilo ni onyo la mwalimu kwa wavivu, wala si kipimo cha maabara. Mwaka 1936 mwandishi Lowell Thomas, katika utangulizi wa kitabu cha Dale Carnegie, alilitaja wazo hilo kwa tarakimu ya asilimia 10, na tarakimu ikashika. Besson mwenyewe alikiri kwamba alijua si kweli, akaitumia kwa sababu inafaa hadithi. Msanii ana ruhusa hiyo. Lakini mwanafunzi anayekesha akisubiri kidonge cha akili atapoteza usiku ambao angesoma, au atanunua kwa mtu wa mtaani kitu asichokijua.

Kundi la pili: "Huo ni uchawi"

Kundi la pili halikuona sayansi yoyote. Lilisema kwamba kusoma mawazo na kusogeza vitu bila kuvigusa ni kazi ya mapepo, kwamba watengenezaji ni Freemason, na kwamba kuitazama tu ni kufungua mlango.

Hatulidharau kundi hili. Lina hisia sahihi kwamba nguvu inayotafutwa nje ya Mungu ni ya hatari. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2115 hadi 2117, inakataa ramli, unajimu, kutabiri na kila jaribio la kuzitiisha nguvu zilizofichika. Lakini kundi hili linaruka hatua moja muhimu. Linachukua kitu kilichobuniwa na mwandishi mezani, linakifanya ushahidi kwamba watu wenye nguvu hizo wapo, na kisha linaanza kujiuliza ni nani kijijini anazo.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino alishughulikia swali hili karne ya 13. Katika Summa Theologiae, sehemu ya kwanza, swali la 117, kifungu cha 3, anauliza kama roho ya mwanadamu, kwa nguvu yake yenyewe, yaweza kugeuza vitu vya nje. Anajibu kwamba haiwezi: roho hutenda juu ya vitu kwa kupitia mwili wake. Nikitaka kusogeza kiti, ninatumia mkono. Katika swali la 57, kifungu cha 4, anafundisha kwamba hata malaika hawajui siri za moyo wa mtu. Mungu peke yake ndiye anayezijua moja kwa moja. Kwa hiyo anayedai kusoma moyo wako kwa nguvu zake anadai kiti cha Mungu, na kwa kawaida anachokisoma ni uso wako na mfuko wako.

Hata nje ya Kanisa madai haya yamepimwa. James Randi, mfanya mazingaombwe aliyezaliwa Kanada, aliweka zawadi iliyofikia dola milioni moja kwa yeyote atakayeonyesha nguvu kama hizo chini ya uangalizi waliokubaliana. Shindano lilifungwa mwaka 2015 bila mshindi.

Kwa nini tunasisitiza? Kwa sababu nchini mwetu kuamini kwamba jirani ana nguvu za siri kumeua watu. Katika Kanda ya Ziwa, hasa mikoa ya Shinyanga na Mwanza, wanawake wazee wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni kwa miaka mingi. Ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa kwa sababu mganga alisema viungo vyao vina utajiri. Ilifika mahali ambapo mwaka 2009 serikali ilifuta leseni za waganga wa jadi, na Januari 2015 ikapiga marufuku wapiga ramli. Mtu aliyetoka bandani akiwa na hofu anapaswa kusikia jambo hili kutoka kwa katekista wake kabla hajalisikia la mganga: bibi wa jirani hana nguvu hizo, wala Lucy hana, kwa sababu hakuna mwanadamu aliye nazo.

Kundi la tatu: "Upuuzi mtupu"

Kundi la tatu lilicheka. Walimu wawili watatu na baadhi ya waseminari walisema filamu ni uongo toka mwanzo hadi mwisho, na haistahili kujadiliwa.

Kwa upande wa sayansi wana haki. Hata hivyo hadithi ya kubuni haihukumiwi kwa swali la kama mambo yake yametokea. Mifano ya Injili nayo ni hadithi, na hakuna anayetafuta jina la yule Msamaria kwenye rejista. Swali ni hadithi inatuelekeza kutazama nini.

Filamu hii ina mahali inapojaribu kutazama mbali. Jina Lucy limetokana na mifupa ya kale iliyopatikana Hadar, Ethiopia, tarehe 24 Novemba 1974, yenye umri wa miaka takriban milioni 3.2. Waethiopia humwita Dinkinesh, yaani "wewe ni wa ajabu". Sisi Watanzania tuna nyayo za Laetoli, zilizochimbuliwa na Mary Leakey na wenzake mwaka 1978, ambazo wataalamu wengi wanasema ziliachwa na viumbe wa jamii hiyo hiyo. Karibu na mwisho wa filamu, Lucy wa leo anakutana na yule wa kale kando ya maji, na vidole vyao vinakaribiana kama katika mchoro wa Michelangelo wa kuumbwa kwa Adamu. Aliyeondoka akicheka mapema hakuliona swali lililowekwa hapo: mwanadamu ametoka wapi, na uhai aliopewa ni wa kufanyia nini?

Kwa hiyo kicheko pekee hakitoshi. Tena kinaficha jambo zito zaidi, ambalo makundi yote matatu yalilipita.

Kilicho cha kweli: pakiti

Tulipowauliza vijana wasimulie filamu, karibu wote walianza pale Lucy anapopata nguvu. Dakika za kwanza zilikuwa zimefutika. Lakini katika filamu nzima, sehemu hizo ndizo zinazofanana zaidi na maisha: binti mbali na kwao, rafiki wa siku chache, mkoba asioujua una nini, chumba cha hoteli, na tumbo lililofanywa ghala.

Watanzania wana neno kwa mtu huyo. Anaitwa punda. Kwa kawaida punda wetu hapasuliwi. Anamezeshwa unga uliofungwa vidonge vidogo viitwavyo pipi, anapewa tiketi na fedha za matumizi, anapanda ndege. Anaahidiwa mtaji. Mara nyingi aliyempeleka ni mtu anayemwita rafiki, dada au mchumba.

Tangu mwaka 2013, Padri John Wotherspoon, Mmisionari Mwoblate wa Maria Imakulata kutoka Australia anayewahudumia wafungwa huko Hong Kong, amekuwa akizisambaza barua za wafungwa Waafrika waliokamatwa na dawa za kulevya, Watanzania wakiwemo. Ameifuata kazi hiyo hadi Afrika Mashariki, akiwatahadharisha vijana. Ujumbe wa barua hizo ni mmoja: msije, tulidanganywa. Hong Kong haina adhabu ya kifo, lakini kosa hilo linaweza kumfunga mtu maisha. China bara adhabu ya kifo ipo. Hapa nyumbani, Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 nayo ina vifungo virefu hadi maisha.

Na pakiti ikipasuka? Hapa ndipo filamu inapotuacha na uongo wa hatari kuliko ule wa asilimia 10. Katika hadithi, unga ukimwagika mwilini mtu anapata hekima na nguvu. Katika hospitali, heroini ikimwagika tumboni inapunguza pumzi hadi inazima. Kokeini inaupeleka moyo mbio, inaleta degedege na kifo. Hapafunguki asilimia yoyote. Watengenezaji wameipa dawa yao jina la kubuni, lakini kijana anayejua mtaani "unga" ni nini hatafanya tofauti hiyo kirahisi.

Katika filamu wapo pia watu wengine watatu waliowekewa pakiti na kutumwa miji ya Ulaya. Hawa hawapati nguvu yoyote, na hadithi inawapita haraka. Tungependa darasa lisimame kwao. Wao ndio wengi. Katekisimu, namba 2291, inaita utengenezaji wa siri na biashara ya dawa za kulevya matendo ya kashfa, na namba 2414 inakataza kumgeuza mtu kuwa bidhaa. Punda anatendwa kwa namna zote mbili: anatumiwa kupeleka sumu kwa wenzake, na yeye mwenyewe anageuzwa mfuko.

Kuna tukio moja tunalolipenda. Daktari akiwa anamtoa pakiti, Lucy anampigia simu mama yake. Nguvu zake zinaongezeka, naye anatumia dakika hizo kumwambia mama kwamba anampenda na anakumbuka malezi yake. Mama hajui mwanawe yuko wapi wala anapitia nini. Kwa mzazi aliyepokea barua kutoka gereza la mbali, hiyo si hadithi ya kubuni.

Nguvu kwa mkato

Sasa tunaweza kuona kinachounganisha mambo haya. Kidonge cha akili, ndagu ya mganga na safari ya punda vinauza kitu kimoja: nguvu kwa mkato. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 8, Simoni aliyekuwa mchawi wa Samaria anawaletea mitume fedha ili anunue uwezo wa kuwawekea watu mikono. Petro anamkatalia kwa ukali. Simoni alidhani karama ni bidhaa. Naye Paulo, katika sura ya 13 ya waraka wa kwanza kwa Wakorintho, anasema kwamba hata mtu akijua siri zote, bila upendo si kitu. Lucy anafikia kujua yote, na kadiri anavyojua ndivyo anavyozidi kupoteza hisia za kibinadamu. Filamu yenyewe inalionyesha hilo, hata kama haikukusudia kuhubiri.

Dumila iko njia kuu ya Morogoro kwenda Dodoma, na barabara ya Kilosa inaanzia hapa. Kila siku kijana anapanda basi akiwa na begi moja kwenda kutafuta maisha, na ni haki yake. Anayebaki shambani, kwenye mahindi au mpunga, naye anahesabu misimu na kuona maendeleo yanachelewa. Vijana hawa wote wawili wanahitaji kuambiwa ukweli kabla hawajakutana na mtu mwenye tiketi mkononi. Banda umiza limewaonyesha picha. Kazi ya kuwaeleza ni yetu.

Namna ya kuongoza mazungumzo

Kwa katekista, mlezi wa VIWAWA au mseminari aliye likizo, tunapendekeza hatua nne.

1. Zingatia umri. Filamu hii ina mauaji mengi na haifai kwa watoto. Angalia daraja ililopangiwa kabla ya kuionyesha.
2. Waache watu waseme walichoona kabla ya kuwasahihisha. Mwenye hofu na mwenye kucheka wasikilizwe sawa.
3. Chora mstari ubaoni: upande mmoja "kilichobuniwa", upande wa pili "cha kweli". Jazeni pamoja.
4. Malizieni kwenye pakiti, si kwenye nguvu.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini ni rahisi kukumbuka nguvu za Lucy kuliko jinsi alivyonaswa?
2. Msimulizi wa Kiswahili akiita uwezo wa ubongo "jini", anabadilisha nini katika hadithi?
3. Mtu akikuambia bibi fulani anasoma mawazo, utamjibu nini, na utamlinda bibi huyo vipi?
4. Rafiki akikupa tiketi ya ndege na mzigo "mdogo tu", ni maswali gani matatu utamuuliza, na utamweleza nani nyumbani?
5. Eleza kwa maneno yako tofauti kati ya karama, uwezo wa kuzaliwa nao na nguvu inayonunuliwa.

Swali la nne tunashauri lijibiwe kwa maandishi, na kila kijana abaki na karatasi yake.